Wamisionari wa Chiapas na gharama ya waumini

Mhariri,

Wanaosifu kazi ya wamisionari miongoni mwa Wamaya wa milima ya Chiapas, nchini Meksiko, ni nadra kutaja gharama waliyoilipa waumini wenyewe. Tangu miaka ya 1970, maelfu ya Watzotzil, mojawapo ya jamii za Wamaya hao, waliojiunga na Uprotestanti walifukuzwa katika mji wao wa San Juan Chamula, wakaacha mashamba na kuanza upya pembezoni mwa mji jirani wa San Cristóbal de las Casas. Kosa lao halikuwa imani tu: walipokataa kuchangia sikukuu za watakatifu na kunywa pombe kali ya miwa, waligusa mifuko ya vigogo walioiuza. Kwa upande wa Wakatoliki, Samuel Ruiz, aliyekuwa askofu wa San Cristóbal, aliwapa wenyeji ushemasi, daraja la kanisa lililo chini ya upadre, utaratibu ambao Vatikani iliusimamisha, kisha ikauruhusu tena mwaka 2014, nami naona ilichelewa mno.

Msomaji wenu