Barua kwa mdogo wangu: uache mwaka wa Kanisa uingie ndani

Mdogo wangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Umeniandikia kwamba tangu uwapate hawa watoto, misa kwako ni kumkimbiza mdogo uani kwa kanisa, rozari inakatikia fumbo la pili kwa usingizi, na unahisi imani yako ilibaki kijijini Kilema, kule Kilimanjaro, kwa mama, wewe ukapanda basi la Dar es Salaam bila yake. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu kina mama wengi wa jumuiya yetu wananieleza maneno hayohayo.

Sikushauri uongeze sala. Una kazi, una foleni ya Mbagala asubuhi na jioni, una homa za usiku. Ninachokuomba ni uuache mwaka wa Kanisa uingie nyumbani kwako kupitia vitu vilivyomo tayari: chakula, ugomvi, marehemu wetu. Mama hakuwahi kutufundisha liturujia. Kwaresima tuliijua kwa sababu Ijumaa chungu kilikuwa na kiburu, ndizi na maharage, na hakuna aliyeuliza nyama iko wapi.

Kwa hiyo anzia Kwaresima. Watoto wako Kanisa haliwadai kitu: kujinyima nyama huanza miaka 14, kufunga ni kuanzia 18 hadi 59. Ila wanaona. Nyumba mliyopanga mnaishi na Waislamu, na mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia 18 Februari, wiki ileile Ramadhani ilipoanza. Mtoto atauliza kwa nini jirani hali mchana. Mwambie kwamba nasi tunafunga, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na kwamba siku za Ijumaa pesa ya nyama inakwenda kwa mtu fulani. Mtu huyo mtaje kwa jina. Pesa ikitumbukia kwenye bahasha ya kanisa, mtoto haioni tena. Akibeba mwenyewe kilo ya unga hadi kwa bibi anayeishi peke yake mtaa wa pili, hiyo Kwaresima ataikumbuka akiwa mzee. Na jirani akiwaletea futari, pokeeni kwa furaha, mtoto aone watu wa Mungu wakipeana chakula.

Pasaka nayo ina mwezi wake wa angani. Huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa majira hayo, ndiyo maana inahamahama kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Alhamisi Kuu usiku mtoe mkubwa nje, muutafute mwezi pamoja kama masika hayajaufunika. Mwambie wana wa Israeli walitoka Misri chini ya mwezi kama ule. Kisha Mkesha, Aleluya ikirudi baada ya majuma yote yale ya kunyamaza, mwache apige makofi na vigelegele anavyotaka. Anayekukazia macho, mwachie Mungu.

Unachokiona kikavu, nadhani, ni kipindi cha kawaida, majuma yake 33 au 34 nje ya Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka, padre akivaa kijani. Mimi ndicho ninachokipenda zaidi. Luka anasema Yesu alipoanza kuhubiri alikuwa na umri wa kama miaka thelathini. Tangu walipokaa Nazareti, miaka yote hiyo, Injili inatupa kisa kimoja tu, cha kupotea Yerusalemu akiwa na miaka 12. Iliyobaki alikuwa nyumbani. Alikula, akaumwa, akatumwa na mama yake. Mungu aliishi miaka hiyo katika maisha unayoishi wewe sasa, na wewe unaniambia humwoni kwa sababu ya maisha hayohayo! Mdogo wangu, tafadhali.

Novemba ni mwezi wa marehemu, na nyinyi mko mbali na makaburi yetu. Basi mezani tajeni majina: babu, bibi, shangazi, mtoto wa dada aliyekufa kabla ya kubatizwa. Kila jina, “Raha ya milele uwape, ee Bwana.” Watoto wajue ni akina nani waliolala kule kihambani, shamba letu la ukoo, migombani, penye mimea ya masale.

Isale hilohilo, moja la masale yale, ndilo linalonileta kwenye Majilio, majuma ya kungojea Noeli. Kwetu Uchagani anayetaka msamaha hutanguliza jani la isale, na ukilipokea huna tena njia ya kukataa. Wazee wetu walikuwa nalo kabla Mapadre wa Roho Mtakatifu hawajafika mlimani miaka ya 1890, na mimi naamini Mungu alikuwa ametangulia. Jumapili ya pili ya Majilio tunamsikia Yohane Mbatizaji akilia tuitengeneze njia ya Bwana. Halafu Wachaga tunajaza mabasi kupanda nyumbani, mbuzi anachinjwa, mbege inapikwa, na ndugu wasiosemeshana wanakaa ncha mbili za benchi moja. Noeli ya namna hiyo inaniuma kila mwaka. Mishumaa minne ya Majilio washa ukiweza, watoto wataipenda, lakini njia yenyewe inatengenezwa kwa ndugu.

Lile jambo la nyumbani unalijua, sitaliandika hapa. Mkija Desemba, njooni siku chache kabla ya sikukuu. Nimeshazungumza na baba mkubwa, na amekubali kutangulia na isale, ukiniruhusu nimwambie ndiyo.

Dada yako