Kungoja wingu Hombolo

Hombolo, Dodoma

Swahiba wangu mpendwa,

Mbukwa! Salamu kutoka huku kwenye vumbi na zabibu. Sisi tu wazima. Ile filamu fupi niliyokwambia tumeanza kuipiga shambani kwa mjomba, na siku ya kwanza nusura nilie.

Tulianza saa 6 mchana. Bibi anayecheza kama mwenye shamba alikuwa amejitanda kanga nyeupe. Natazama kwenye kamera: kanga imeungua yote kwa mwanga, mbingu imekuwa karatasi tupu, na macho ya bibi ni mashimo mawili meusi. Wenzangu wakasema, "Piga tu, sura si inaonekana?" Nikakataa. Filamu yote imo ndani ya macho yale.

Nikamkumbuka Roger Deakins, yule mpigapicha wa filamu, Mwingereza niliyekusimulia hadi ukachoka. Walipopiga filamu iitwayo 1917 ya mwongozaji Sam Mendes, inayoonekana kama kamera haikukatwa kabisa, ilibidi mwanga wa kipande kimoja ufanane na wa kinachofuata. Jua likitoka, hawapigi. Waigizaji wanafanya mazoezi mpaka wingu lirudi. Umati wote ule na gharama zile, watu wanatazama juu! Lakini mpigapicha mkuu ndiye mwenye dhamana ya mwanga. Yeye akinyamaza, nani atasema? Watu hudhani kazi yetu ni kubeba kamera. Deakins aliteuliwa kuwania Oscar mara 13 akitoka mikono mitupu. Ya kwanza aliipata 2018, akiwa na miaka 68, na ya pili 2020 kwa filamu hiyo hiyo ya mawingu.

Sasa huku kwetu kiangazi hiki, ukingoja wingu utangoja mpaka Desemba. Kwa hiyo nilimwomba mwongozaji anipe asubuhi moja tu. Kesho yake jua linachomoza tuko shambani. Nikamweka bibi mwanga ukimjia ubavuni, vijana wawili wakashika shuka jeupe la mjomba upande wa pili, lirudishe mwanga usoni. Uso ukafunguka taratibu. Nyuma yake mbuzi wakapita kwenda malishoni, vumbi likawaka kama dhahabu. Bibi akainua macho, na ndani ya mboni nikaliona lile shuka, dogo kama punje ya mchele.

Tumebakiza tukio la kuagana. Njoo Jumamosi, ulale kwetu, tuamke pamoja alfajiri. Na tafadhali beba ile lenzi yako ya milimita 50.

Ni mimi, swahiba wako wa Dodoma