Rehema, ya jikoni hayajaisha

Tanga

Shoga yangu Rehema,

Asalaam aleykum. Hujambo? Watoto je? Mguu wa mama umepoa? Huku wazima, ila mvua imeshika na paa linavuja palepale unapopajua.

Mwezi wa pili huu hatujasemezana, tangu harusi ya mtoto wa Bi Mkubwa, nami nimeshindwa kuvumilia. Nilikosea kukukata kauli mbele ya wifi zako. Nisamehe. Lakini lile neno lako halijanitoka. Ungo uko mapajani, unatoa chuya, ukasema: "Mtu hajawahi kuwa hata diwani, urais ataujulia wapi? Mtazameni Weah." Wakacheka wote, mjadala ukafa. Kwangu haukufa.

Basi tumtazame huyo George Weah, mcheza mpira wa Liberia aliyekuja kuwa rais. Mwaka 1995 alichukua Ballon d'Or, tuzo ya mwanasoka bora, Mwafrika pekee mpaka leo. Mwaka 2005 akagombea urais Liberia, akashindwa na Ellen Johnson Sirleaf, msomi wa Harvard aliyekwisha kuwa waziri wa fedha. Wakamsema hana elimu. Akarudi shule mtu mzima yule, akapata shahada, mwaka 2014 akachaguliwa seneta, na 2017 akamshinda Joseph Boakai, makamu wa rais wa miaka 12. Sasa Rehema, mtu aliyesota miaka yote hiyo utamwita mgeni wa siasa mpaka lini?

Najua utakalosema. Maisha yalipanda, Juni 2019 watu wakajaa barabarani Monrovia. Na 2022 aliondoka nchini zaidi ya mwezi, Kombe la Dunia likiwamo, mwanawe anachezea Marekani. Hilo hata mimi lilinichoma. Lakini uchaguzi wa 2023 alipoona Boakai amemzidi kwa kura chache, hakungoja hata matokeo ya mwisho, alimpigia simu akampongeza. Wangapi waliokulia ndani ya siasa unaowajua wamefanya hivyo?

Mimi sisemi kila mgeni apewe Ikulu. Mtu ambaye hajawahi kudaiwa hesabu na yeyote ananitisha, awe mchezaji, tajiri au mtoto wa kigogo. Ninachotaka kujua ni alishika nini cha watu, na alikirudisha vipi.

Unamkumbuka Mzee wa bomba? Lile kaunta buku lake lenye jalada jekundu, kila ndoo ameiandika, na siku pampu ilipokufa akalifungua juu ya meza mbele yetu, fedha ya fundi ikawapo mpaka senti ya mwisho. Watu wakamtaka awe mwenyekiti wa mtaa. Hakuwa na kadi ya chama, hakutaka kuichukua, ikaishia hapo. Hatukupata hata nafasi ya kumnyima kura!

Na juu ndiyo hivyohivyo. Katiba yetu, ibara ya 39, haimdai mgombea urais shahada. Inataka raia wa kuzaliwa, miaka 40, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wetu, alipigania tangu miaka ya 1990 mgombea binafsi, asiye na chama, aruhusiwe. Mahakama Kuu ikampa haki mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba ili kumzuia. Akaenda mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha, nayo Juni 2013 ikasema haki yake imevunjwa. Amekufa 2015 bila kumwona mgombea binafsi hata mmoja. Kwa hiyo tunapobishana kama mtu wa nje ya vyama anafaa, shoga yangu, sisi hatujaruhusiwa hata kumjaribu. Hilo ndilo nililotaka kusema siku ile, hasira ikanitangulia.

Hebu nijibu, na usinitumie kopa tupu. Kiongozi gani wa chama aliyewahi kukufungulia daftari? Angekuwa Mzee wa bomba kwenye karatasi ya kura, ungempita? Na huo uzoefu mnaousifu, ni wa kazi au wa kukaa tu kwenye kiti? Baba Zuhura anasemaje, bado yuko upande wako? Mafuta ya mama nimeshayapata, nimpe kondakta wa basi la asubuhi au niyalete mwenyewe? Nikija Jumamosi nifikie kwako?

Mwenzio,
Mwanaidi