Kuhusu zile nane tatu

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi. Umeniuliza iwapo, katika mchezo wako wa poka mtandaoni, ulifanya vyema kupita bila kuweka dau, ilhali ulikuwa na nane mbili mkononi na mezani ikashuka nane ya shupaza pamoja na tisa na nne za kopa. Kwa maoni yangu hukufanya vyema, na ningesema hivyo hata kama ungeshinda.

Mwenye jozi mkononi huipata karata ya tatu ya kufanana nayo, katika zile tatu za kwanza za mezani zinazotumiwa na wachezaji wote, takriban mara moja katika kila nane au tisa. Kwa hiyo bahati hiyo inapokuja, usianze kwa kuwaza utaifichaje. Jiulize ni nani mwenye mkono dhaifu kuliko wako aliye tayari kulipa, na atalipa hadi kiasi gani. Hapo wangeweza kuwapo wengi: mwenye tisa, mwenye saba na sita anayesubiri mfuatano wa karata tano, na mwenye kopa mbili anayesubiri zifike tano. Huyu wa kopa ana nafasi isiyofika moja kwa tano ya kukamilisha katika karata ya nne (wala hajui kwamba nane ya kopa, anayoihesabu kuwa yake, ingekupa wewe nane zote nne). Ukiweka nusu ya fungu (yaani jumla ya chipu zinazogombaniwa mezani), anahitaji kushinda mara moja katika nne ili asipate hasara. Ukiweka robo tatu, mara tatu katika kumi. Pengine atafuata, yaani atalipa dau lako, hata hivyo, akitumaini kukukamua baadaye, na afuate tu. Ulipopita, ulimpa karata ile bure.

Kisha tazama chipu zilizobaki. Fungu likiwa 100 na kila mmoja wenu ana 1,000, nusu ya fungu katika raundi tatu, mpinzani akifuata kila mara, ni 50, 100 na 200, yaani unamaliza ukiwa na 650 ambazo hazikufanya kazi yoyote. Ukiweka fungu zima, ni 100, halafu 300, na zile 600 za mwisho zinaingia zenyewe bila kumshtua mtu. Dau la kwanza ndilo linaloamua ukubwa wa la mwisho, jambo ambalo vitufe vilivyo tayari kwenye skrini hutusahaulisha.

Mtandaoni hakuna uso wa kusomwa. Kinachosema ni kiasi cha dau na muda unaotumia kabla ya kubonyeza. Ndiyo maana napendelea kuweka kiasi kilekile ninapokuwa na nane tatu na ninapopiga mkwara kwa karata dhaifu, la sivyo mpinzani makini atanijua mapema. Kopa ya tatu ikishuka bila mezani kupata jozi, hapo punguza kasi, ila usitupe karata kwa haraka.

Ukiipata kumbukumbu ya mchezo ule, nitumie. Ningependa kuona mpinzani wako alibakiwa na chipu ngapi kabla ya karata ya nne.

Wasalaam,
Rafiki yako