Malalamiko kuhusu kaya zilizokubaliwa kupata msaada wa chakula lakini zinazuiliwa kwenye malipo ya simu

Lubumbashi, tarehe 10 Machi 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Idara ya Malipo kwa Simu

Bwana Mkurugenzi,

Kwa heshima, sisi kamati ya kaya za mtaa wetu katika komini ya Katuba tunakuandikia kwa sababu kampuni yako, iliyopewa kazi ya kufikisha fedha za mpango wa Serikali wa msaada wa chakula, inawanyima fedha hizo watu ambao mpango wenyewe umekwisha kuwakubali. Orodha ya waliokubaliwa hatuilalamikii. Ilitengenezwa kwa uangalifu, na ni haki tuliseme hilo kwanza.

Wahoji walipita nyumba kwa nyumba, wakauliza ni watu wangapi wanaokula chungu kimoja, ni nani anayeleta fedha, nyumba ni ya kupanga au ni yao, na kaya imekula nini katika siku saba zilizopita. Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito, kwa kuwa majibu yake huhesabiwa kwa kipimo cha PAM, yaani Shirika la Chakula Duniani: kila siku ya nafaka ina alama 2, ya maharage 3, ya mboga 1, ya nyama au samaki 4, na ya mafuta nusu alama. Kaya iliyokula bukari kwa sombe isiyo na mafuta siku zote saba hupata alama 21, na kwa alama hizo bado imo katika kundi la wenye hali mbaya kuliko wote. Kaya za namna hiyo kwetu ni nyingi, hasa baada ya ukame wa mwaka 2024 nchini Zambia, ambako unga na mahindi mengi tunayokula hutoka kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Majina yalibandikwa komini, watu wakapewa muda wa kupinga, kisha orodha ikafungwa.

Kazi ya kuchagua ilipaswa kuishia hapo. Ajabu ni kwamba imeanza upya kwenye mfumo wenu, kwa masharti ambayo hakuna aliyetusomea wakati wa kujiandikisha.

Sharti linaloumiza zaidi ni lile la majina. Raia wa nchi hii huandikwa kwa nomu (jina), postnomu (jina linalofuata) na prenomu (jina la kupewa, kama la ubatizo), na ndivyo wahoji walivyoandika. Laini za simu, kinyume chake, nyingi ziliandikishwa barabarani na wauzaji wenu wenyewe, ambao kwa haraka ya kazi waliandika majina mawili tu, au walitanguliza prenomu, au waliandika herufi kama walivyoisikia. Mama anapofika kwa wakala, mfumo unamwona kuwa ni mtu mwingine na malipo yanakataa. Akienda kwenye ofisi yenu ya mjini kusahihisha, anaombwa kadi ya uchaguzi. Na kadi nyingi zilizotolewa kabla ya uchaguzi wa Desemba 2023 zimefifia kiasi kwamba jina halisomeki na uso hauonekani. Komini hutoa cheti cha kupoteza kitambulisho, chenye muhuri, lakini watumishi wenu wanakikataa bila kueleza sababu. Mjane mmoja wa mtaa wetu, anayelea wajukuu peke yake, ametumia fedha ya nauli kwa safari hizo, na fedha hiyo aliikopa.

Wapo pia ambao laini zao zilifungwa kwa kuwa hazikutumika muda mrefu. Tunakuomba ulitazame jambo hili kwa makini: kaya isiyo na fedha ya unga haiwezi kuweka salio kwenye simu, kwa hiyo kanuni hiyo inawaangukia walewale ambao mpango uliwatafuta kwanza. Na wale wanaobahatika kulipwa hukatwa na mawakala fedha ya kutolea, ingawa katika mkutano wa komini tuliambiwa mbele ya watu wote kwamba gharama hiyo inabebwa na mpango.

Jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia ni hili: fedha isiyochukuliwa hadi mwisho wa mwezi hurudishwa, na mwenye haki huandikwa kuwa hakujitokeza. Alijitokeza, Bwana Mkurugenzi. Alisimama kwenye foleni yenu tangu asubuhi, akarudishwa, na sasa karatasi zenu zinasema hakuja. Na kwa neno hilo anaweza kufutwa katika awamu inayofuata. Kifungu cha 47 cha Katiba yetu kinahakikisha haki ya usalama wa chakula, na haki hiyo haiwezi kutegemea mpangilio wa majina kwenye laini ya simu.

Tunaomba basi marejesho ya fedha za mwezi huu yasimamishwe mara moja, na kila aliyeandikwa kuwa hakujitokeza arudishwe kwenye malipo. Cheti cha komini kikubaliwe, pamoja na ushuhuda wa shefu wa avenyu pale inapobidi, na mfumo ulinganishe majina bila kujali lipi limetangulia. Ujumbe wa malipo, ambao sasa unakuja kwa Kifaransa peke yake, uandikwe pia kwa Kiswahili na Tshiluba, lugha mbili kati ya nne za taifa zinazotajwa na Katiba, kwa sababu bibi asiyesoma Kifaransa hulazimika kumpa mtu mwingine simu yake pamoja na namba ya siri. Kuhusu makato ya mawakala, tunataka fedha zirudishwe kwa waliokatwa.

Mahindi mapya ya mashamba ya kwetu hayajakauka, na miezi hii kabla ya mavuno ndiyo migumu kuliko yote; ndiyo maana tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 15. Majina ya kaya zilizozuiliwa, pamoja na nakala za vyeti vyao, tumeyaweka kwenye bahasha iliyofungwa ili yasisomwe na kila mtu. Nakala ya barua hii imepelekwa kwa mkuu wa komini na kwa wasimamizi wa mpango.

Pokea, Bwana Mkurugenzi, salamu zetu za heshima.

Katibu wa kamati ya kaya,
Komini ya Katuba