Mama ana kiu, kaka anatuma vidonge

Daktari, asalaam aleikum.

Niko Likoni, namuuguza mama yangu wa miaka 71. Mwezi wa pili alianza kuchanganyikiwa, akawa ananiita kwa jina la marehemu dadake. Kupimwa damu, sodiamu, yaani madini ya chumvi, ni 121, na ya kawaida huanzia 135. Tukaambiwa homoni inayoziamuru figo zishike maji imezidi, maji yakaizimua sodiamu, na mchokozi huenda ni kabamazepini aliyokuwa akimeza kwa maumivu ya neva za uso. Dawa ikabadilishwa. Tena asinywe zaidi ya lita moja kwa siku, chai na mchuzi vikihesabiwa humo humo.

Lita moja, na joto hili! Juzi nilimchungulia akitawadha. Akasukutua mara tatu, akatema. Funda la nne likapita kooni. Nikajifanya sikuona. Nitamvizia mamangu hata kwenye udhu?

Sasa kaka yangu aliye Uingereza amesoma kuwa potasiamu hupandisha sodiamu. Si porojo, amenitumia mambo yenyewe: mwaka 1954 Laragh, daktari wa Marekani, aliwapa kloridi ya potasiamu wagonjwa wenye sodiamu ya chini, ikapanda. Mwaka 1958 Edelman na wenzake wakaonyesha kwamba sodiamu ya damu hufuata jumla ya sodiamu na potasiamu ya mwili ikigawanywa kwa maji yake. Vidonge vya potasiamu viko njiani, nimpe vitatu kwa siku. Jirani naye, kusikia potasiamu tu, kaleta madafu manne. Potasiamu imo kweli, lakini si ni maji yale yale tuliyokatazwa?

Mimi naogopa. Mama anameza enalaprili ya presha, nayo huzuia potasiamu isitoke, na ikizidi moyo hupiga ovyo. Potasiamu yake ilikuwa 4.6, hana upungufu. Tena hospitalini walisisitiza sodiamu isipande kwa kasi, ubongo utadhurika. Kaka nikimweleza haya ananiambia nangoja mama afe, kisha anakata simu.

Kliniki ni wiki tatu zijazo. Je, nivifungie vidonge kabatini hadi siku hiyo, au niende mapema akapimwe tena damu na figo? Kaka nimjibu nini asinione mkaidi? Na kiu hii naituliza vipi? Madafu mawili yamebaki jikoni, na mama ameshayaona.

Binti wa Likoni