Barua ya malalamiko: spika yenu inabadilika bila taarifa, na tiketi zetu za kuripoti matatizo zinafungwa

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wasanidi Programu

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mpimaji wa programu. Timu yetu inatengeneza programu ya simu ya kuwashia na kuzimia taa, inayofanya kazi pamoja na spika yenu ya kuamrishwa kwa sauti. Mtu akisema "zima taa ya chumbani", kazi yangu ni kuhakikisha inazimika hiyo na si nyingine. Kwa miezi miwili sasa kazi hiyo imenishinda.

Jumanne iliyopita, asubuhi, amri hiyo ilikubali mara kumi kwa kumi. Saa nane mchana, spika ileile, meza ileile, koo langu lilelile, ikaanza kuzima taa zote. Hatukuwa tumegusa hata mstari mmoja wa programu yetu, na namba ya toleo la spika ilikuwa ileile. Nilikaa hadi jioni nikirudia sentensi moja kama kasuku, nazima feni, nawasha feni, nasogeza kiti, mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaziba masikio. Kesho yake ikapona yenyewe.

Spika ile hujitambulia neno la kuiamsha tu. Maneno yanayofuata husafirishwa hadi kwenye seva zenu, yaani kompyuta zenu za mbali, yakageuzwa maandishi, yakatafutiwa maana, ndipo amri ikatufikia sisi. Mkigusa chochote huko, ninachokipima kimeshakuwa kitu kingine, na mezani sioni dalili. Je, spika haikusikia? Ilisikia vibaya? Ilisikia sawa ikaelewa vibaya? Au kosa ni letu? Mtumiaji hayajui hayo. Yeye ameachwa gizani, na nyota moja anaipa programu yetu.

Nilipofungua tiketi niliambiwa nitumie simuleta yenu, yaani programu ya kuigiza spika. Simuleta hiyo inapokea maandishi ya kuchapa! Haina maikrofoni, haina feni, haina mwangwi wa ukuta wala mtoto anayelia chumba cha pili. Ni kuonja chumvi kwa macho. Tumejaribu pia kucheza sauti zilizorekodiwa, lakini rekodi husema vilevile kila mara, na binadamu hasemi hivyo. (Rekodi moja iliamsha na spika ya ofisi ya bosi, katikati ya kikao. Hiyo siwadai.)

Tiketi ya pili ilifungwa kwa maneno matatu: "Kwetu inafanya kazi." Kwenu kwa sauti ya nani? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2020 ulipima mifumo mitano ya kampuni kubwa ya kugeuza sauti kuwa maandishi: kiwango cha makosa kilikuwa asilimia 35 kwa Wamarekani weusi na asilimia 19 kwa weupe. Hapa kwetu yupo mwenzangu ambaye spika humwitikia mara moja, na mwingine ambaye lazima aseme mara tatu. Huenda ni lafudhi, huenda ni umbali. Siwezi kujua, kwa sababu hamtuonyeshi spika ilisikia nini.

Hicho ndicho tunachokidai kwanza: kwa akaunti zetu za majaribio, tuone maandishi ya kila amri kama mfumo ulivyoyasikia, pamoja na saa. Pili, mkibadilisha seva mtutangazie tarehe, hata kama ni baada ya kubadilisha. Na zile tiketi mbili zifunguliwe upya, zisomwe na mtu aliyewahi kuishika spika hiyo mkononi.

Nimeambatisha namba za tiketi, rekodi za sauti na video ya Jumanne, saa ikionekana ukutani. Naomba majibu ndani ya siku 14. Toleo letu jipya tumelisimamisha kwa sasa, na spika yenu nimeichomoa kwenye umeme.

Wako mwaminifu,
Mpimaji wa programu